Chipu Katika Chumba cha Mpiodi

Marcel ndiye aliyeniomba niandike haya, eti vijana wa karakana wapate kusoma. Nimefanya kazi na Marcel miaka mingi mno kuamini sababu ya kwanza anayoitoa. Nadhani anataka niache kuja kila asubuhi kukaa mlangoni na kuangalia anavyolehemu. Basi nimebaki nyumbani, nimeshika kalamu, na mke wangu ananichungulia kama mtu anayeficha kitu. Habari za vyeo sitaandika, maana katika karakana ya watu wawili cheo ni kujua nani anakaa na ufunguo. Nitaandika mambo yaliyotokea kabla yenu, ili msiamini kila kinachoandikwa kwenye boksi la simu.

Mimi ni Assumani, mtu wa Maniema. Nilikuja Kisangani kijana, nikamfuata mjomba aliyekuwa akiuza vitambaa, na mjomba alipogundua kwamba sijui kumbembeleza mnunuzi, akanipeleka kwenye fonia. Fonia ilikuwa redio ya masafa marefu. Kabla ya simu, mfanyabiashara aliyetaka kujua kama lori lake limefika Bafwasende alikuja pale, akapanga foleni, akapiga kelele mbele ya watu wote. Hapakuwa na siri Kisangani nzima wakati ule, na kwa mtu wa tabia yangu hiyo ilikuwa raha.

Fundi wa fonia alikuwa Papa Léonard, mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Siku yangu ya kwanza hakunisalimia. Aliniwekea mezani redio iliyofunguliwa tumbo.

"Mule ndani iko mwizi," akasema. "Tafuta."

Nilitazama mpaka macho yakauma. Transista za wakati ule ungeweza kuzishika kwa vidole viwili. Nyingine zilikuwa na kofia ya bati kama kisoda. Zote zilionekana kama watu waaminifu. Redio ile ilisema vizuri asubuhi, lakini jua likishika bati la paa ilianza kukoroma kama mtu anayesukutua. Papa Léonard akachukua kitambaa, akakichovya katika maji ya mtungi, akakikamua vizuri, akaanza kugusa transista moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye moja ya pembeni, sauti ya dereva wa Bafwasende ikatoka safi, anamtukana mtu kuhusu gurudumu.

"Njo yeye," akasema Papa Léonard. "Joto inamufanya alegee. Ukimupatia baridi, anasema kweli."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo sijapata lililo bora. Transista ni mlango wa umeme: kazi yake ni kufungua na kufunga. Ikipata joto inavuja; umeifunga, na bado umeme kidogo unapita chini ya mlango. Papa Léonard hakuiamini mashine aliyoiuliza mara moja tu. Aliiuliza tena, na ikijibu sawasawa, ndipo alipozidi kuishuku. Alikuwa hivyo hata na mke wake, lakini hayo hayanihusu.

Simu zilipofika, fonia ilikufa kifo cha kawaida, nami na Marcel tukafungua karakana yetu karibu na soko. Tulitengeneza televisheni, kisha kompyuta, kisha simu. Kila tulipozoea kitu, kilipungua. Transista zikaacha kuwa na kofia, zikaingia ndani ya chipu, na ndani ya chipu zikazidi kuwa nyingi na ndogo mpaka hata hadubini tuliyoipata, iliyotupwa na shule moja, haikuona kitu. Mikono yetu ilibaki mikubwa ileile. Tulijifunza kushika pumzi wakati wa kulehemu, na Marcel, ambaye ana kifua, alikuwa akikohoa na kupoteza kazi ya asubuhi nzima.

Ndipo wakaanza wale wauzaji wa simu mpya za maboksi. Alikuja mmoja kutoka Kinshasa, shati jeupe, manukato mengi. Akaniwekea mbele simu akaniambia chipu yake ni ya nanometa chache kuliko ya mwaka jana. Nanometa ni kipimo kidogo sana ambacho jicho la mtu halina biashara nacho. Nikamuuliza nani aliipima. Akasema, kampuni. Nikamuuliza, yule yule anayeiuza? Akafunga begi lake. Tangu siku hiyo nilikuwa na neno rohoni. Maisha yangu yote nimepima vitu, na sasa naambiwa niamini namba ambayo siwezi kuipima. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hata mbuzi angalau analia.

Nilipata jibu kwa mwalimu mmoja wa fizikia aliyetuletea kompyuta yake, kijana mpole ambaye hakukasirika ukimuuliza jambo hilo hilo tena na tena. Nilimuuliza kuhusu ile namba, akacheka.

"Papa Assumani, ile namba haipimake kintu tena, depuis longtemps. Zamani, oui, ilikuwa kipimo. Sasa iko jina tu, kama jina ya bière ku chupa."

Nilifurahi siku ile kama mtu aliyefumania. Nilimwambia Marcel, nikamwambia mke wangu, nikamwambia na muuza mkate. Lakini yule mwalimu hakuwa amemaliza. Alisema namba zimekuwa jina kwa sababu upunguzaji wenyewe umefika mahali pagumu. Atomu haipunguzwi. Ukuta unaotenganisha umeme na umeme ndani ya chipu sasa una unene wa atomu chache, na ukuta ukiwa mwembamba hivyo, elektroni inapita. Haitoboi. Unaikuta tu upande wa pili. Tena ukizirundika transista nyingi mahali padogo, joto lake linakosa pa kwenda, na joto likizidi, zinavuja zaidi.

Hapo nikamkatalia. Mtu akiniambia mwizi amepita ukutani bila kutoboa, mimi ninauliza nani alikuwa na ufunguo.

"Hakuna ufunguo, Papa. Fikiria makayabu," akasema. Makayabu ni wale samaki wa chumvi ambao si lazima uwaone ili ujue wapo. "Ukifungia makayabu mu chumba ya matofali, voisin, jirani yako, hajui. Ukifungia mu chambre ya karatasi, voisin anapiga chafya. Nani alibeba ufunguo?"

Nikamtengenezea kompyuta yake, akaenda. Sikuamini. Niliweka maneno yake mahali ninapoweka maneno ya wauzaji, mpaka siku alipokuja Francine.

Francine mnamjua, yule mama wa wilaya ya Tshopo anayeuza unga wa muhogo. Mumewe Dieudonné alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, mtu wa Yanonge, amekufa kwa homa. Matanga yalikuwa yameisha siku si nyingi. Aliingia karakanani na watoto wake wawili, akafungua fundo la kitenge, akatoa flashi, hii mnayoiita kle.

"Papa, nilipeleka ku cyber, ikaandika kama inataka ku-formater. Nikasema non. Nilifanya muzuri?"

"Ulifanya muzuri sana, mama, ingefuta yote. Iko nini ndani?"

"Libala yangu."

Ndoa yake. Nikamwambia akae. Habari yenyewe ni hii. Dieudonné alitoa mahari kwa desturi, kwa ukoo wa Francine kule Bafwasende, lakini hawakuwahi kwenda kuandikisha ndoa serikalini. Walikuwa wakisema mwaka huu, mwaka unaofuata, kama wengi wetu. Sasa Faustin, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema hakuna mahari iliyotolewa, kwamba kaka yake alikaa tu na mwanamke, na kwa hiyo nyumba ni ya familia na mwanamke aende kwao. Baba yake Francine alikuwa amekufa. Mjomba aliyepokea mbuzi na vitenge alikuwa amepotelea kwenye machimbo ya dhahabu, simu haipatikani. Ndugu wengine wa Francine, Faustin alisema, watasema atakacho dada yao. Ilibaki video ya siku ile, na aliyeipiga alikuwa ameifuta kwenye kamera yake ili apige harusi nyingine. Nakala pekee ilikuwa kwenye flashi hii, na flashi ilikuwa imekaa miaka katika sanduku la bati, chini ya paa la bati, bila kuguswa.

"Faustin amefuta," Francine akasema. "Siku ya matanga aliingia mu chambre yetu, akakawia mule. Sanduku haikuwa na kufuli."

Mkutano wa kuamua ulikuwa umeshapangwa mbele ya mkuu wa mtaa. Asipokuwa na ushahidi, angetoka na watoto na masufuria.

Niwaambie ukweli: nilimshuku Faustin mara moja, kisha nikamshuku Francine. Mtu hukaa vipi na kitu cha thamani namna hiyo bila kunakili? Labda video haikuwapo kabisa, na flashi imeletwa kwangu ili nije niseme ilifutwa. Kisha Faustin mwenyewe akaja karakanani, viatu vinang'aa, akaketi bila kukaribishwa.

"Papa, nasikia ule mwanamuke alileta hapa kakintu." Hakusema shemeji, hakutaja jina. "Ile kakintu iko tupu. Usijichokeshe bure."

Nilijiuliza amejuaje kuwa ni tupu. Marcel akanikumbusha kwamba Francine alilia pale kwenye cyber mbele ya watu, na mtaa mzima ulikuwa unajua. Lakini jioni hiyo hiyo nikamwona Marcel amekaa na Faustin kwenye baa, chupa mezani.

"Alininunulia," akasema Marcel nilipomuuliza. "Nikunywe ao nisikunywe?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia siku hiyo flashi ilitembea na mimi, katika mfuko wa shati, chini ya kofia ya sala nilipolala. Marcel alinuna, na haki yake.

Nilianza na ganda. Nililitazama chini ya hadubini kama lilifunguliwa: hakuna mkwaruzo, gundi ni ya kiwandani. Ndani nikakuta chipu moja ndogo. Tukaitoa kwa hewa ya moto, taratibu, Marcel ameshika koo asikohoe, tukaifunga kwenye kisomaji ili tuisome yenyewe bila kupitia ule ubongo mdogo wa flashi. Marcel alisoma kwa kompyuta yake, mimi kwa yangu, kwa sababu hatukuwa tunaaminiana. Tukalinganisha. Hazikufanana.

Nilimtazama Marcel. Marcel akanitazama. Nikairudia peke yangu, kwa kompyuta yangu, na kile nilichosoma hakikufanana na nilichosoma mwenyewe muda mfupi kabla. Nikasoma tena, ikatoka nyingine. Basi mwongo hakuwa Marcel.

Sikilizeni hapa vizuri, maana kesi hii mtaikuta tena. Mtu akifuta flashi, inajibu vilevile kila ukiuliza: tupu, tupu, tupu. Flashi bandia nayo inasema uongo ule ule bila aibu. Ikibadilisha maneno kila mara, hapo jua kwamba hakuna aliyeigusa. Inasahau.

Kila chembe ya flashi ni transista yenye kifuko kidogo kilichozungushiwa ukuta, na ndani ya kifuko zimefungiwa elektroni. Zikiwa nyingi ni alama moja, zikiwa chache ni alama nyingine. Transista zilipokuwa kubwa, kifuko kilibeba elektroni nyingi. Zikitoroka kadhaa, hakuna anayehisi. Walipozipunguza ili kujaza picha nyingi mahali padogo, kifuko kikabaki na chache, unaweza karibu kuzipa majina. Tena kwa ulafi wanakitaka kifuko kimoja kikumbuke ngazi kadhaa, nusu, robo, robo tatu. Ukuta ukiufanya mnene, chembe inakuwa kubwa na faida imekwenda. Ukiufanya mwembamba, elektroni zinapita, na joto linazihimiza. Huo ndio mwisho wenyewe ambao yule mwalimu alinieleza nikamkatalia. Mafundi wa dunia wamekwama hapo hapo, na sasa badala ya kubana viwanja wanajenga ghorofa, chembe juu ya chembe. Ghorofa nazishuku pia, lakini hiyo ni kazi yenu.

Sanduku la bati, paa la bati, jua la mchana wa Kisangani, miaka bila umeme. Elektroni zilitoka moja moja, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Nilimwita Francine nikamweleza. Nilidhani atafurahi kwamba hakuna aliyemwibia. Alikasirika.

"Donc hakuna mutu?"

"Hakuna, mama. Iliisha yenyewe."

"Kintu haiishake yenyewe, Papa! Hata bwana yangu banasemaka alikufa yenyewe." Akafunika uso kwa kitenge. "Mutu akiiba, utamukamata, utamupeleka mbele ya watu. Hii, nitamukamata nani?"

Iliniuma. Ni rahisi kuishi na mwizi mwenye jina. Nikakumbuka kitambaa chenye maji cha Papa Léonard, nikamwambia asubiri.

Baridi hairudishi elektroni iliyokwenda; asije mtu akawadanganya. Lakini baridi inaifanya transista iwe ngumu zaidi kufunguka, na kifuko kilichopungukiwa kidogo kinaonekana tena kama kimejaa. Ukiisoma mara nyingi katika baridi, na kwa kila chembe ukashika jibu ililotoa mara nyingi zaidi, unaweza kupata kitu. Sisi friji yetu ilikuwa kabati la viatu, kwa sababu umeme wa bwawa ulikuja na kwenda utakavyo. Baridi ya kweli sokoni ilikuwa kwa Maman Régine, mwenye chumba cha mpiodi, wale samaki wa kuganda wanaokuja katika makatoni. Alikuwa na jenereta, na alikuwa na mashaka kuliko mimi.

"Papa Assumani, ordinateur inakulaka mpiodi depuis lini?"

Nikamweleza kwa nini kompyuta inataka baridi yake. Akanisikiliza mikono kiunoni.

"Ule mwanamuke wa Dieudonné?" Akaitazama jenereta yake. "Yee alinitengenezeaka hii groupe. Ingia. Lakini Marcel abakie inje. Marcel namujua."

Tukaifunga chipu katika mfuko wa plastiki, tukautoa hewa ili unyevu usiishike, tukaiweka kati ya makatoni, na kebo ikapita chini ya mlango hadi kwenye kompyuta yangu juu ya stuli. Maman Régine aliketi mlangoni akiuza, akichunguza mikono yangu kila nilipoingia kugeuza mfuko. Tulisoma. Tukasoma tena. Wanunuzi waliuliza kama tunawapiga samaki picha ya ndani, na mama mmoja akakataa kununua, akisema mpiodi wa umeme hatawapa watoto. Tulirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nanuka samaki mpaka paka wa jirani walinisindikiza nyumbani. Marcel, nje, ndiye aliyeandika programu ya kuhesabu kura za chembe, na aliiandika vizuri, nami nilimwambia hivyo, jambo ambalo lilimtia wasiwasi.

Picha haikurudi. Kulikuwa na viraba vya kijani na kijivu, na mahali pamoja nusu ya mbuzi. Lakini sauti ilirudi kipande, si kirefu: vigelegele, mbuzi analia, kisha mwanamume anaongea maneno machache, kisha kelele kama mvua. Nilipoisikia, nilijua haitoshi. Mwanamume yeyote anaweza kusema maneno machache karibu na mbuzi.

Mkutano ulikuwa uani, kwenye nyumba yenyewe iliyokuwa ikigombewa. Mkuu wa mtaa alikaa kwenye kiti chenye mikono. Upande mmoja Francine peke yake kwenye benchi, watoto wako kwa jirani. Upande wa pili Faustin na watu wa Yanonge, na katikati yao mama mzazi wa marehemu, Albertine, ambaye wote tunamwita Koko, yaani bibi. Alikuwa amejifunika kitenge cheusi mpaka mdomoni. Tangu mazishi hakuwa amesema neno mbele za watu. Faustin ndiye aliyemlisha, na Faustin alimsemea: mama yuko katika maombolezo, msimsumbue. Mkuu wa mtaa alimuuliza kwa heshima kama alikuwapo siku ya mahari. Akainamisha kichwa tu, na Faustin akajibu kwamba mama hana nguvu.

Nikaweka kompyuta mezani na kipaza sauti kidogo. Kabla sijagusa kitu, Faustin akasimama. Sitamnyima haki yake: alisema jambo la akili.

"Chef, siku hizi ordinateur inatengeneza sauti ya mutu hata hakuzaliwa. Papa Assumani aseme mbele yetu. Anaweza kulapa kama kila kintu iko mule ilitoka ku ile kle, na hakuna hata kidogo mikono yake iliweka?"

Mkuu wa mtaa akanigeukia. "Papa?"

Francine alinitazama kama mtu aliyeshika kamba ya mwisho. Marcel alinigusa mguu chini ya meza, na nilijua anataka niseme ndiyo. Lakini mimi najua tulivyofanya. Chembe ngapi zilisema ndiyo mara nyingine na hapana mara nyingine, na sisi tukachagua upande wenye kura nyingi! Nimewashuku watu maisha yangu yote kwa kuapia wasichokiona. Nikasema:

"Siwezi kuapa. Chembe nyingine zilikuwa zimesahau, na tulizisaidia kukumbuka. Sikutia neno langu. Lakini siwezi kuapa kwa kila chembe."

Watu wa Yanonge wakaguna. Faustin akaketi, akapanga suruali yake magotini. Francine aliinamisha uso, nami nilitamani ardhi inimeze pamoja na multimita yangu.

Mkuu wa mtaa akasema, "Tusikilize tu. Tumekuja, tusikilize."

Nikabonyeza. Vigelegele, vimekatikakatika. Mbuzi. Kisha ile sauti ya mwanamume, ya furaha, karibu na kamera:

"Mama, usikae kule mbali. Kuja. Kaa hapa, pembeni ya mutoto yako."

Kisha mvua.

Koko Albertine alishusha kitenge mdomoni.

"Nakuja," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa kula. Akashika bega la Faustin ili ainuke, na Faustin, kwa mazoea, akamsaidia kusimama. Alivuka ua polepole. Watu walivuta miguu yao ampishe. Akafika kwenye benchi, akaketi pembeni ya Francine, akarekebisha kitenge chake, akauweka mkono wake juu ya paja la Francine, akatulia.

"Mama!" Faustin akasema. "Mama, ile iko machine!"

"Nilimuzaa mimi," Koko akajibu. "Ananiita, nitakataa?"

Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu chembe. Mkuu wa mtaa aliinuka kitini, akasema tumesikia, na mwenye macho ameona mama huyu ameketi wapi. Francine amebaki katika nyumba. Faustin alikuja baadaye kuomba wazungumze, wakazungumza. Sijui walisema nini, na safari hii sikutafuta kujua.

Siku chache baadaye Koko alikuja karakanani, ameshikwa mkono na Francine. Nilikuwa nimemwekea sauti ile kwenye flashi mpya, na nakala nyingine kwetu, na nyingine kwa Maman Régine aliyeidai kama malipo. Koko akaigeuza flashi mkononi.

"Atakaa mule mpaka lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kuta ni nyembamba, kwamba lazima iletwe mara kwa mara ipewe umeme na kuandikwa upya, la sivyo itasahau tena.

"Basi nitamuletaka," akasema.

Na anamleta, kila ukiisha msimu wa mvua kubwa. Ninyi mliopo sasa mtamwona akija. Msimweleze habari za elektroni. Mpeni kiti kisicho na kebo chini, andikeni flashi upya mbele ya macho yake, linganisheni na nakala yetu, kisha mumchezeshee sauti na mnyamaze mpaka amalize kujibu, maana hujibu kila mara.

Mara ya mwisho nilipomhudumia, kabla sijastaafu, aliivalisha flashi kitambaa chake na kuniuliza kama Dieudonné, mule ndani, anamsikia anapomjibu. Marcel aliinua kichwa kunitazama. Anajua jinsi nilivyo. Mbele ya mtaa mzima nilikataa kuapa. Nikamwambia Koko ndiyo, anasikia. Akiwauliza na ninyi, msipime.